Mikwaruzo ya Gari la Mzee Tsofa

Bi Salha mpendwa, shikamoo, naomba uniokoe kabla sijaliharibu gari la baba yangu, Mzee Tsofa, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji, na sote hapa nyumbani Bofu tunafurahi ila mimi moyo unanidunda, kwa sababu gari lake hilo la buluu iliyokolea, alilolipata kwa kazi ya winchi bandarini, ndilo ninaloliendesha mimi tangu alipoacha, na njia yetu ni nyembamba, ua wa michongoma umelichora ubavu mzima mikwaruzo kama nywele, na baba bado anamwambia kila mgeni, "Gari langu hilo, unaweza kunyolea ndevu ukijitazama mlangoni!"

Ninachoshangaa ni hiki, Bi Salha: nikilimwagia maji sioni hata mkwaruzo mmoja, likikauka yote imerudi, nikapaka mafuta ya nazi ikapotea tena mpaka vumbi lilipoganda, sasa inakwenda wapi? Kaka yangu Ronny anasema nisugue kwa dawa ya meno, muuzaji wa vipuri kanishikisha kopo la dawa nzito ya kusugua, ukiisaga vidoleni ina chengachenga kama mchanga, mwenzake akasema hapana, chukua nta, na mama hataki niguse chochote, aliniuliza, "Akifunguliwa bendeji, wataka aone gari au aone uongo?" Nichague ipi?

Ni mimi Kafedha, Bofu, Likoni.

Marahaba, Kafedha. Pole kwa wasiwasi, na Mungu amsimamie Mzee. Lakini mafuta ya nazi, mwanangu? Gari si nywele!

Swali lako nimelipenda. Mikwaruzo haiendi popote. Juu ya rangi kuna tabaka jembamba linalong'aa, na mkwaruzo mwepesi ni kijifereji ndani yake. Kingo zake hutawanya mwanga, ukaona mstari. Maji yakijaza kile kijifereji, mstari hauonekani. Mafuta ni vivyo hivyo, na nta pia, ila nta hukaa zaidi. Polishi haijazi. Inalisaga tabaka kidogo sana mpaka kingo zilainike. Kwa hiyo mama yako hakukosea kuuliza.

Barua yako ilinikosesha subira, nikakupigia simu. Nikakwambia utoke nje, upitishe ukucha juu ya mikwaruzo.

"Unateleza," ukasema. "Unateleza... hapa karibu na kitasa umenasa."

Basi jibu tukalipata. Panapoteleza ukucha, tumia polishi laini, ile ya mikwaruzo myepesi. Panaponasa, polishi haifui dafu, hapo ni kazi ya mpaka rangi. Kopo la chengachenga lirudishe dukani: litakula tabaka lote, na tabaka halioti tena. Dawa ya meno mwachie Ronny, ana meno.

Nikakwambia pia umweleze baba yako kabla hujagusa kitu. Ukasita, nikakukaripia. Jioni ulinipigia unacheka na kulia pamoja. Mzee alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huo wa kitasani si wako, ni wangu. Niliparuza geti mchana kweupe, ndipo nikajua macho yananiaga. Hata mama yako sikumwambia."

Kumbe ndiyo sababu aliacha kuendesha, nanyi mkidhani amechoka tu.

Sasa nisikilize. Osha gari kwa maji mengi, mchanga wote utoke. Liweke kivulini mpaka lipoe. Jaribu kwanza mahali padogo, chini ya mlango: polishi kidogo, sifongo laini, mkono mwepesi, halafu ufute kwa kitambaa safi. Ukiridhika, endelea ubavu mzima, umalizie na nta, maana jua na chumvi ya huko kwenu havina huruma. Huo wa kitasani usiuguse, wala usimwite mpaka rangi. Mzee auone kwanza kwa macho yake, aamue mwenyewe.