Ndimu Chini ya Magurudumu

Ipoh,
Jumapili.

Kwako Kaka Pugal,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini kiungulia kimekuacha, na wifi na watoto hawajambo huko Johor. Sisi wazima. Mama mzima kabisa. Nakuambia mapema usije ukaruka mistari kumtafuta. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu humwachi mtu akamaliza sentensi.

Gari ulilomletea Mama limepata ajali. Ndogo! Keti. Najua uliapa kwamba mkwaruzo wa kwanza tu, gari linarudi Johor, na Mama arudi kusubiri basi na vikapu vyake. Ndiyo maana nakuomba usome hadi mwisho.

Tulilipeleka hekaluni libarikiwe, kama ulivyoagiza mwenyewe. Kuhani Gurusamy akalipaka majivu, akalivisha shada la maua, akapasua nazi, akaweka ndimu chini ya kila gurudumu. Akasema gari lisogee polepole lizikanyage, mikosi yote ibaki pale. Loo! Gari likaruka kama limechomwa sindano, likaivamia pikipiki ya kuhani mwenyewe pale ukutani. Bampa limebonyea na taa imepasuka. Ndimu zilikanyagika vizuri, hilo silikatai.

Basi ikawa vita: tuwaambie watu wa bima, au tunyamaze? Mjomba Sathasivam akavaa miwani, akausoma mkataba kwa sauti palepale uani: kila ajali iripotiwe, hata kama hudai kitu. Akasema tukificha, siku tukigongwa kweli watatugeuka. Kuhani akashika kichwa. Akatusihi tusithubutu, Ijumaa ana magari yanamsubiri, na nani atamletea lake akisikia hili limegonga likiwa bado na shada? Pikipiki, alisema, ilikuwa mkweche tangu zamani. Mjomba akamuuliza kama huko mbinguni nako wanalipa fidia. Wakarushiana maneno mpaka nikaona aibu. Mimi, Kaka, nilikuwa upande wa kuhani. Nilitaka fundi anyooshe bampa kimyakimya, yaishe.

Sasa vuta pumzi. Watu wa bima wangeuliza nani alikuwa anaendesha, na hakuwa mimi. Alikuwa Mama. Leseni anayo, kaipata mwaka huu, huku akituaga kila asubuhi kwamba anakwenda kusuka maua hekaluni. Siku ile alikataa katakata mtu mwingine ashike usukani. Alisema gari ni lake na baraka ni zake. Niliogopa utamnyang'anya ufunguo, na tangu Baba afariki sijamwona ana furaha namna hii.

Tukiwa bado tunabishana, nikamwona ameketi kwenye ngazi, simu sikioni. Alikuwa ameshawapigia mwenyewe! Akamsimulia karani yote, na nazi, na ndimu, na pikipiki. Alipoulizwa jina la dereva, akalitaja polepole, herufi moja moja, asije akaandikwa vibaya. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Mjomba anakusalimu. Kuhani pia, ila anaomba usimwambie mtu. Mama anakusalimu sana, na anataka jina lake liingizwe kwenye mkataba kama dereva. Ukikataa, anasema hatanuna wala hatapiga simu. Atakuja Johor kukuuliza sababu, na haji kwa basi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yogeswari