Tope la Shemeji

Jumatano, 12 Machi
Leo nimepiga mbizi mlangoni mwa mto, nikatoka na hasira. Zile nyasi za bahari zilizokuwa kijani mpaka macho yanachoka, zimefunikwa tope. Nilipangusa jani moja kwa kidole – tope jekundu, laini kama unga. Maji yenyewe giza. Nyasi bila jua zitaishije? Samaki wadogo waliokuwa wakijificha humo, hakuna hata mmoja. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti anasema tuandike ripoti. Mimi tope lile nalijua. Hunigandia viatuni kila nikienda kwa dada.

Jumapili, 16 Machi
Kwa dada. Shemeji amelima mpaka ukingo wa mto, matuta yote yakifuata mteremko. Mvua ikinyesha, udongo una njia ya moja kwa moja hadi baharini. Nimemwambia tukiwa tunakula. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, mimi nalisha watu, wewe unalisha samaki. Kila mtu na kazi yake." Nikamjibu kwamba udongo wake mzuri wote mimi ndiye ninayeuogelea. Akajimegea tonge jingine. Dada ndiye aliyedakia. Alitaka kujua kwa nini kila mwaka mbolea inaongezwa na mavuno yanapungua.

Nimeondoka sikusindikizwa. Sijui kama nimeharibu undugu.

Jumamosi, 29 Machi
Dada kapiga simu. Wamegombana, wamepatana. Shemeji atakata matuta upya, yaukinge mteremko, na ataacha ukanda wa majani kando ya mto. Sharti lake: nami nishike jembe. Nimelishika kutwa. Mgongo si wangu tena. Malengelenge viganja vyote.

Jumatatu, 21 Aprili
Mvua ya kufa mtu. Tulisimama ukingoni sote watatu, tumelowa chapachapa. Kwa jirani maji yanaporomoka mtoni mekundu, mazito. Kwetu yanatua kwenye matuta, yanachujika kwenye majani, yanatoka karibu meupe. Shemeji akayachota kwa kiganja, akayatazama.

"Kumbe," akasema.

Basi. Kumbe tu! Sijawahi kufurahia neno moja namna hii. Jirani naye alikuwa kasimama upande wake, anaangalia huku na huku.

Ijumaa, 18 Julai
Jirani amekata matuta. Na wa juu yake. Na mama mmoja mfugaji wa huko juu amehamisha zizi, samadi isishuke mtoni. Shemeji anazunguka mashamba ya watu akifundisha, utadhani alizaliwa anajua. Dada anasema nyumbani hapakaliki kwa mahubiri.

Alhamisi, 6 Novemba
Zimerudi.

Nilishuka palepale mlangoni mwa mto. Mwanga ulifika mpaka chini. Machipukizi mapya, marefu kama kidole, yametoboa tope na kusimama – hapa, pale, halafu kila nilikogeuka. Samaki wadogo wakapita katikati yake bila haraka, kama watu waliorudi kwao. Nikalia ndani ya miwani. Ujinga, ilijaa maji. Mkuu wa kituo alipoziona picha nilizopiga alinipa mkono, akasahau kuuachia.

Jumamosi, 8 Novemba
Asubuhi habari mbaya: kiwanja cha mwisho kando ya mto, jirani kabisa na bahari, kimepata mnunuzi. Anataka kujenga nyumba za wageni, na tingatinga limeshaanza kung'oa majani ya ukingoni. Nikampigia dada mbiombio. Akapokea shemeji. Akanituliza: niongee polepole, ana mgeni.

Mgeni gani?

"Huyohuyo mwenye tingatinga. Nimemketisha kibarazani, dada yako kamwekea chai. Nimemweleza habari za nyasi tangu mwanzo, na dereva wake kazima mashine anasikiliza." Kisha akashusha sauti. "Sasa kaniuliza yeye zitamfaa nini. Hapo nimekwama, shemeji. Njoo na zile picha. Chai yenyewe inakaribia kuisha."

Naandika nimevaa kiatu kimoja. Picha ninazo. Kiatu kingine kiko – nimekiona, natoka mbio.