Bangili ya Bibi kwa Sonara

4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mdogo wangu ameacha kulala huku redio inaunguruma? Mimi ni mzima, mchumba wangu naye mzima, anakuamkia. Kazini, pale dirisha la kulipia maji, wamenipa ruhusa ya wiki nzima kwa ajili ya harusi, jambo ambalo sikulitegemea kwa bosi aliyenuna tangu azaliwe.

Bangili ya Bibi imefika. Ulivyoitia ndani ya soksi, na soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, hata mwizi angekata tamaa. Asante sana. Kifungo chake kimelegea, nikiinua mkono inafunguka yenyewe. Nilimwonyesha mama mkwe mtarajiwa. Akaigeuzageuza, akauliza kama ilikanyagwa na gari. Mezani wote wakacheka, nami nikacheka nao. Mama, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Kwa kweli ile mibonyeo imezidi. Kuna sonara nyuma ya ofisi yetu, nimemwachia aitazame. Anasema anaweza kuinyoosha yote, au hata kuiyeyusha aitengeneze upya. Unaonaje?

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mimi goti la kushoto limevimba ghafla kwa kusimama kwenye meza ya kupigia pasi. Nalikanda kwa maji ya moto. Mashati ya watu hayajui habari ya goti. Mdogo wako na redio yake bado ni chanda na pete.

Kuhusu bangili, mwambie sonara atengeneze kifungo, basi. Asiinyooshe, asiisugue, na moto asiusogeze. Mibonyeo aiache ilivyo. Sababu ipo, nitakwambia tukionana, si jambo la kuandika. Siku yako nataka nikufunge mkononi mimi mwenyewe, kama Bibi yako alivyonifunga mimi. Mama mkwe mfikishie salamu zangu. Akicheka mwache acheke, meno ni yake.

Mama yako

1 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na siyo umesimama. Huku hatujambo, ila pilikapilika za harusi zimetukaba koo.

Jibu lako la bangili halijanifikia, nadhani posta wamelikalia. Sonara alikuwa ananisukuma, siku nazo zinakimbia, nikaona niamue mwenyewe. Anasema dhahabu karibu na kifungo ilikuwa imelika mno, isingeshika. Basi ameiyeyusha. Usishtuke! Ametoa mkufu mwembamba wa mkononi, unang'aa huo, na kwa dhahabu iliyobaki ametengeneza vipuli vyako. Nimempa Mjomba akuletee, uvae harusini. Mama mkwe ameuona mkufu, akasema sasa hiki ndicho kitu cha kuvaa mbele za watu. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi.

Pole sana na goti. Mwambie mdogo wangu akubebee beseni za nguo. Niandikie upesi, uniambie vipuli vimekukaa vipi.

Mwanao akupendaye

24 Machi

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Mjomba anasema alikukabidhi vipuli mkononi, ukashukuru, ukaingia chumbani ukafunga mlango. Tangu hapo kimya. Kadi za mwaliko zimetoka, yako nimeitia humu. Kila nikisikia pikipiki ya posta nachungulia dirishani, wateja wanangoja.

Kama umekasirika, nigombeze. Kugombezwa na wewe nimezoea, kunyamaziwa sijazoea.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepungua. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanatoka maneno ya hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako peke yako.

Ile mibonyeo ilikuwa meno. Kwetu, mtoto akianza kuota meno, Bibi yako aliichemsha bangili, ikipoa anampa aing'ate, fizi zipate nafuu. Dhahabu yake ilikuwa laini, meno yaliingia. Yangu yalikuwepo, ya mdogo wako yalikuwepo, na yako, wewe uling'ata kama uliyetumwa. Na karibu na kifungo kulikuwa na mibonyeo miwili midogo tu, imekaa pamoja, ya kaka yako.

Ulikuwa na kaka. Alikutangulia. Homa ilimchukua akiwa na meno mawili ya chini. Picha hatukuwahi kumpiga. Niliambiwa nisimlilie mbele za watu, eti aliyekufa mchanga hahesabiwi, nami nikatii, mwisho nikaona aibu hata kumtaja. Ndiyo maana hukuambiwa. Ningekuonyesha meno yako, ungeniuliza yale mawili ni ya nani. Mimi nilikuwa naweka ncha ya kidole pale, kisha naendelea na kazi zangu.

Vipuli ni vizuri. Nimevigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikimtafuta humo, kama mwendawazimu.

Jambo moja zaidi. Ulisema barua yangu haikufika. Lakini ulinipa pole ya goti, na goti nililiandika kwenye barua ile ile.

Mama yako

13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuamkia.

Barua ilifika. Bangili ilikuwa bado kwa sonara, nzima, kwenye kisahani chake. Niliisoma barua nikiwa kazini, nikaikunja, nikatokea mlango wa nyuma, nikamwambia ayeyushe. Yeye mwenyewe aliniuliza tena kama nina hakika. Dhahabu haikuwa imelika popote. Nilikiogopa kicheko cha mama mkwe kuliko nilivyokuogopa wewe. Niliionea aibu bangili, na lile kopo la maziwa, na, ngoja niseme yote, niliionea aibu mikono yako yenye makovu ya pasi, kwamba utakuja nayo na wataiona. Nimeandika sentensi hiyo na uso unaniwaka.

Nimerudi kwa sonara kumwuliza kama alibakiza kipande chochote, hata kile cha kwenye kifungo. Akatikisa kichwa. Nililia pale dukani mbele ya wateja wake. Mchumba wangu nimemweleza. Alitoka akakaa kwenye ngazi.

Mkufu sitauvaa. Na kama hutaki kuja sitakulaumu, nitawaambia watu kosa ni langu. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Kaka yangu aliitwa nani?

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Haki ya kuniamkia unayo, usiniletee maneno ya maigizo.

Hilo la mikono yangu limeniuma kuliko bangili. Sitakudanganya kwamba limekwisha. Nimeshinda nalo siku hizi zote, napiga pasi mashati ya watu huku nikiitazama mikono yenyewe. Halafu nikajiuliza aibu hiyo umejifunza kwa nani. Kila nilipoulizwa nina watoto wangapi, mimi huyu huyu nilijibu wawili, nikatazama chini, na wewe ukiwa umeshika kanga yangu.

Nakuja. Mdogo wako ameshanikatia tiketi. Mkufu utauvaa, na nitakufunga mimi, mbele yao wote. Dhahabu aliyoing'ata kaka yako imo humo, ingawa hakuna wa kuiona. Jina lake nitakutajia kwa mdomo. Halijawahi kuandikwa mahali popote, na mkono wangu unakataa.

Mama mkwe wako ataniuliza nimejaliwa watoto wangapi, sisi akina mama ndiyo maulizano yetu. Nitamjibu watatu. Wewe simama karibu yangu, na usitazame chini.

Mama yako