Macho ya Javan Yamerudi Meupe

Kayole, Nairobi
18 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Kweyu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mwaendeleaje huko Botswana? Wifi Nasambu na watoto hawajambo? Nasikia baridi ya huko hupasua midomo. Natumaini mnajifunika vizuri. Sisi huku tu wazima, na safari hii naliandika neno hilo nikijua uzito wake.

Simu niliyokupigia shuleni unakofundisha mwezi wa Juni ilikutia hofu, najua. Nilikwambia shemeji yako Javan ana saratani, ujiandae. Kaka, haikuwa saratani. Ngoja nikueleze.

Ilianza na macho kugeuka manjano. Mkojo ukawa kama strungi, chai isiyo na maziwa, na mwili ukamwasha hadi nikamkuta anajikuna kwa msasa wake wa useremala. Majirani walinong'ona kuhusu chang'aa, na wewe unamjua Javan, hata harufu ya pombe haivumilii. Kliniki walidhani ni mawe kwenye nyongo, lakini picha haikuonyesha jiwe lolote. Hospitali kubwa wakampitisha mpira mwembamba wa uchunguzi mdomoni, wakaona mirija ya nyongo imebanwa, wakakata vipande vidogo vya nyama vya kupima. Daktari wa upasuaji akasema hali kama hiyo mara nyingi huwa ni saratani.

Javan hakulia mbele yangu. Alikwenda kibandani kwake Gikomba, akamwomba Mugo, seremala mwenzake, amtengee mbao za mvule. Mugo akauliza ni za kitanda cha nani. Javan akasema si za kitanda. Mugo ndiye aliyekuja kuniambia, machozi yakimtoka.

Ile siku ya simu ulinijibu, "Ayuma, usiogope kuuliza mara ya pili." Basi nikajipa moyo, nikamwomba daktari wa upasuaji mgonjwa aonwe na mwingine kabla ya kupasuliwa. Hakukasirika hata kidogo. Yeye mwenyewe alitupeleka kwa Daktari Mbeti, mama anayetibu magonjwa ya ini.

Mama huyo alimpapasa Javan chini ya taya. "Uvimbe huu ulianza lini?" Nikasema tulidhani ni meno. Akaagiza vile vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye mirija vipimwe tena, na saratani haikuonekana. Picha nyingine ikaonyesha kongosho nalo limevimba lote.

"Saratani kutoonekana si kusema haipo," alituambia bila kuficha. "Lakini mawe hayavimbishi taya. Kuna ugonjwa mwingine unaobana mirija hivihivi, ila huo huacha makovu ambayo dawa hailainishi. Huu nashuku ni mwili unaojishambulia wenyewe. Hata vitabuni bado wanabishana wauite nini. Kama ndio huo, prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, itatuonyesha upesi. Ikishindwa, tunarudi kwa upasuaji bila kuchelewa."

Javan akasema, "Nipe dawa, Daktari. Kisu hakitatoroka."

Kaka, muwasho ndio uliotangulia kuondoka. Kisha taya zikanywea. Halafu mtu aliyekuwa akisukuma sahani kando akaanza kuuliza mboga ya mrenda iko wapi. Picha ya juzi imeonyesha mirija imefunguka. Daktari Mbeti alimwita yule wa upasuaji waitazame pamoja, wakawa wanacheka kama watoto.

Hatujamaliza safari. Dawa inapunguzwa polepole, damu inapimwa kila mara, sukari inachungwa, na Daktari Mbeti ametuonya kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Uso wa Javan umeviringika kwa ajili ya dawa, na njaa yake inanishinda kupika. Sinung'uniki. Nilikuwa nimeanza kujiuliza nitavaa nini siku ya mazishi. Leo nauliza nipike nini.

Asante, kaka, kwa neno lile ulilonipa. Asante kwa maombi yenu. Wasalimie wifi na watoto. Mwanetu Khavere anakusalimu sana, na Mama kule Butere anasema usisahau kumwandikia yeye pia.

Jana asubuhi Javan alikuwa dirishani ananyoa ndevu, akaniita, "Ayuma, hebu njoo." Akageukia mwanga, akayafumbua macho yake kwa vidole ili nione vizuri. Meupe, Kaka. Tulisimama pale tukitazamana mpaka uji ukaungua.

Mungu awatunze mtokapo na mwingiapo.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wa shukrani,

Ayuma