Aliyeshuka Kisaki

Mafiga, Morogoro
Jumapili, 13 Julai

Kwako dada yangu Shamsia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukiacha huo mguu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mke wangu Chausiku anakusalimu sana na anauliza kama mpunga wa Kisaki mwaka huu umekubali, maana mchele wa sokoni kwetu una mawe ya kutosha kujengea nyumba. Mimi magoti yamegoma na macho nayo yamo njiani kuyafuata, lakini kuandika bado naweza. Nasra, mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, hujambo? Msomee polepole.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu tumeishia kuzungumzia mvua. Nasra ameniambia daktari anataka uje mjini upasuliwe kabla mguu haujaoza, nawe umekataa. Umemwambia huwezi kulazwa huku miezi miwili, kwani treni ikija na mumeo Hashimu akashuka, atapokewa na nani? Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha mezani leo.

Naanza mbali, nivumilie. Hashimu alipokuja Morogoro alikuwa kijana aliyewakimbia makaburu kwao Afrika Kusini, anajifunza useremala kwenye kambi ya wapigania uhuru nje ya mji. Jina la kwao hakututajia hata siku moja; Hashimu ni jina alilopewa msikitini kabla ya nikaha yenu. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuwa na haki ya kulalamika. Wazee wa ukoo walimkatia kipande cha shamba kule kwetu Matombo, milimani. Kwetu ardhi ni ya upande wa mama, kwa hiyo mume mgeni kupewa migomba yake mwenyewe halikuwa jambo dogo. Alisema akishaikomboa nchi yake atarudi kuipalilia migomba hiyo, nasi tukamtania kwamba atakuwa Mluguru wa kwanza kupanda mlima kwa makalio.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko chuo cha ualimu, na kwenye umoja wa vijana hakuna aliyenishinda kelele. Wewe hukusoma, dada. Ulibaki shambani na mama ili mimi niende shule, na ndiyo maana barua za mumeo zilipita mdomoni mwangu kabla ya kufika masikioni mwako.

Wakubwa wa kambi walimpeleka Angola. Barua za mwanzo zilikuwa za furaha: wanajifunza silaha, mwakani wataingia kwao. Kisha zikabadilika. Aliandika kwamba Wareno walipoondoka, wenyeji waliokuwa wakiwapiga vita waligeukiana wenyewe kwa wenyewe, na kila upande ukaita mkubwa wake. Huku Warusi na Wakuba, kule makaburu na silaha za Wamarekani. Kila mkubwa alikuja na sababu zake na vifaru vyake. Hashimu alisema alikwenda kutafuta uhuru wa kwao, sasa analinda daraja la nchi ya watu, na adui aliyemwona kwa karibu alikuwa kijana mweusi aliyekuwa akimwita mama yake. Aliuliza vita hivi ni vya nani. Nilikusomea yote hayo, ukalia. Baadaye nimefundisha mambo hayo hayo miaka thelathini, nikichora ramani ubaoni, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mwalimu alikuwa wapi.

Sasa ile barua ya mwisho. Ulikuwa unapepeta mchele uani, Nasra mgongoni. Nilisoma kwa sauti, "nitashuka Kisaki," kisha jicho likaona yaliyofuata na ulimi ukasimama. Ulidhani mwandiko ni mbaya. Nikamalizia kwa maneno yangu, kwamba atashuka Kisaki vita vikiisha, umsubiri. Dada, hakuandika hivyo. Aliandika kwamba ametoroka, amefika Zambia, atapanda treni na kushuka Kisaki Ijumaa, kisha aende Matombo kwa miguu akalime migomba yake. Aliomba nikulete stesheni wewe na mtoto, na wazee wamfiche mpaka asahaulike.

Nilimwona msaliti. Niliona aibu kwamba mtu aliyekimbia mapambano atajificha ndani ya ukoo wangu. Nikaipeleka barua kwa wakubwa wake, wakaisoma, wakanirudishia, na siku ya Ijumaa wakanipakia kwenye gari lao hadi Kisaki nikawaonyeshe. Alishuka na mfuko mmoja wa kitambaa. Aliponiona alifurahi, akaniita shemeji, akatazama nyuma yangu akiwatafuta ninyi. Watu wawili wakamshika mikono. Hakupigana wala hakunitukana. Aliniuliza tu kama mtoto ameota meno.

Walimrudisha vitani. Mwaka jana alikuja hapa mzee mmoja aliyekuwa naye huko, anazuru makaburi ya wenzake, nikajikaza nikamwuliza habari za seremala aliyekamatwa Kisaki; naye jina la kwao hakulijua. Hashimu aliuawa kabla mwezi haujaisha, kando ya mto kusini mwa Angola, akazikwa shimo moja na Wakuba na watu wa huko huko, bila alama. Wale wakubwa wenye vifaru baadaye walikaa mezani wakakubaliana, kila mmoja akarudi kwao. Kaburi lake hakuna anayelijua, na hata kwenye orodha za marehemu hatutampata, kwa kuwa jina tulilo nalo tulimpa sisi.

Miaka mingi nimejificha nyuma ya ule msemo wa fahali wawili na nyasi. Lakini nyasi haziendi Kisaki kumwonyesha mtu kwa kidole.

Nilimwuliza ustadhi kuhusu eda yako. Amesema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo yako ilianza na ikaisha zamani wewe ukiwa hapo stesheni unauza wali, unamsubiri. Nimekunyima hata hiyo. Waliokuposa uliwakataa kwa sababu ya maneno niliyoyatunga kwa kufumba na kufumbua. Sikuombi msamaha, kwa kuwa sijui ningeufanyia nini. Naomba uje utibiwe mguu, dada. Hakuna mtu wa kupokea.

Chausiku amekuandalia chumba cha uani. Hajui lolote, utamweleza ukipenda. Kama hutaki kuniona, mimi nitahamia Matombo mpaka upone, na shamba lile bado lipo, limekuwa pori. Wasalimie wote wa hapo stesheni.

Nasra, karatasi ya bluu iliyomo ndani ya bahasha hii ni ile barua ya mwisho ya baba yako. Aliiandika kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini inasomeka. Msomee mama yako yote. Ukifika mahali ulimi ukasimama, nyamaza kwanza, kisha uendelee palepale, kama ilivyoandikwa.

Ni mimi mdogo wako,
Nasibu