Benchi la Miritini

Ismail Boga,
Shika Adabu, Likoni,
Mombasa.

3 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Mwanatabu,

Assalaam aleikum. Shikamoo nyingi, zangu na za nyumba nzima. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Mama anauliza kama mafuta ya nazi yalikufikia, na anasema yakiganda uyaweke karibu na moto, usiyatupe ukidhani yameharibika. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi. Dada Zuleikha amejifungua salama mtoto wa kike, na tangu hapo halali mtu nyumbani ila mtoto mwenyewe, tena mchana.

Nimesikia umeambiwa kwamba nimeacha ofisi ya kutoa mizigo ya bandarini kule Changamwe, na kwamba sasa nazunguka na mwanamke mmoja kuokota takataka. Aliyekwambia hakuongopa sana. Lakini nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unikasirikie. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza, nami hubabaika.

Huyo dada anaitwa Nyamvula, ni mtu wa Junda. Alisomea kupamba nyumba, na kwa miaka mingi alifanya yale watu waliyoyataka: dari za jipsamu, taa za rangi, sebule za kijivu. Siku moja mteja alimwambia akatupe milango ya mvule iliyotolewa katika nyumba iliyokuwa ikivunjwa. Akaipakia garini mpaka jaani kule Mwakirunge, na alipofika akashindwa kuishusha. Akarudi nayo kwake, ikawa analala nayo chumba kimoja. Anasema hapo ndipo alipojua kazi yake. Sasa anafufua nyumba kuukuu kwa vitu vikuukuu: vigae, madirisha, bawaba za shaba, vioo vya kabati za zamani.

Mimi ni karani wake. Napokea simu, naandika barua, na nahakikisha mafundi wamepelekewa chokaa wala si saruji, maana ukuta wa mawe ya matumbawe ukiupaka saruji hutoa jasho na kubambuka. Chuoni hatukufundishwa hayo.

Nyumba yetu ya kwanza kubwa iko Mtongwe, ni ya Bi Mwanatatu. Huenda unamkumbuka. Paa lilipoanza kuvuja, mwanawe Sharif alimchukua akakae naye Bamburi, na nia ya Sharif ilikuwa kuivunja ajenge ghorofa. Nyamvula alimsihi sana. Mwisho wakapatana hivi: nyumba itengenezwe, mama aje aitazame. Akikubali kurudi kuishi humo, itabaki. Akikataa, tingatinga. Na bibi mwenyewe alikuwa amesema anakuja kutazama tu. Nyamvula aliniambia kwamba nyumba hii ikianguka, atarudi kwenye jipsamu. Karani wa jipsamu hahitajiki, Shangazi, wenye kazi hiyo wanaye tayari.

Siku ya bibi kuja nilikuwa nimetoka kuugua, sijakanyaga Mtongwe kwa muda. Nikaenda asubuhi, nikaingia, nikastaajabu. Kuta nyeupe za chokaa, boriti zimepakwa mafuta, upepo unapita kutoka ukumbini hadi uani. Na barazani, Nyamvula amekaa na kikombe cha chai juu ya benchi refu la mbao, limesuguliwa likang'aa, limewekewa mito ya kitambaa cha leso. Alilipata Miritini, kwa bwana mmoja wa bara anayeuza vitu vya zamani karibu na malori yanapoegeshwa. Alikuwa analipenda kuliko kitu chochote mle ndani.

Akaniambia nikae anipige picha. Nikainama kulitazama kwanza. Benchi lilikuwa na mbao zenye nafasi katikati, limeinama kidogo upande mmoja, na chini lina mfereji wa kupitisha maji. Mimi ndiye niliyeshika ndoo siku ya kumwosha babu, Shangazi, wewe ukiwa huko hukuweza kuja. Benchi la siku ile siwezi kulisahau. Kila kitu kilifanywa kwa upole, jua hilo.

Nikasema, "Dada, hilo si la kukalia. Hilo ni la kuoshea maiti."

Akanitazama. Akaweka kikombe chini polepole, akainuka kama mtu aliyekaa juu ya siafu. Changawa, fundi wetu wa mbao, Mgiriama mlokole, akasema kwamba jana alilala hapo usingizi wa mchana, na kwamba hajawahi kulala vizuri vile.

Ilibidi litoke kabla bibi hajafika. Na hapa, Shangazi, uangalifu wangu ndio ulioniponza. Niliona majirani wakiliona watasema, basi nikashauri tulifunike kwa shuka nyeupe. Uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo tukalibeba mabegani: Changawa, wapaka rangi wawili, na mimi.

Tulipotokeza tu, wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakasimama. Mmoja akanitoa begani kwa adabu, akaingia yeye. Mwingine akampokea Changawa. Unajua watu wetu, hakuna anayeachia thawabu ya kubeba jeneza impite. Wakaanza kutaja shahada kwa sauti ya chini, wakageuka kuelekea msikitini, na gari letu liko upande wa pili. Mimi nikafuata nyuma. Changawa akaninong'oneza, "Karani, sema kitu, hawa watatuzikia benchi."

Kwenye kona likasimama gari la Sharif. Bi Mwanatatu akashuka, akajitanda leso hadi machoni, akauliza msiba umetoka nyumba gani. Wakamwambia, kwa Bi Mwanatatu.

"Kwangu?" akasema. "Kumbe nimekufa, na hakuna aliyeniambia."

Macho yote yakanigeukia. Nikamwamkia kwanza, sikujua la kufanya jingine. Kisha nikasema, "Hakuna maiti, nyanya. Ni benchi." Nikafunua shuka, nikamweleza yote hapo hapo njiani, kwamba aliyelinunua hakujua, na kwamba alilisugua kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya bibi.

Bibi akapitisha kiganja juu ya mbao. Nilikuwa nahesabu kazi imekwisha. Akawaambia wale wazee kwamba wameshaanza kubeba, basi wamalizie, wakamwulize imamu kama linafaa. Lile la msikitini, alisema, lina misumari, na yeye hana haraka lakini siku yake ikifika hataki kuchomwa mgongo. Kicheko kilichotoka pale, Shangazi, hata Sharif aliegemea gari.

Nyamvula alikuwa mlangoni, amekunja mikono kama mtuhumiwa. Bibi alimpa mkono, akapita. Alishika ukuta, akafungua dirisha akalifunga, akatoka uani. Sharif akamwambia kwamba kama ameridhika kutazama, wawahi feri kabla ya msongamano.

"Wahi wewe," akamjibu, "ukaniletee kitanda changu. Kile cha walio hai."

Hajatoka Mtongwe mpaka leo. Ndugu yake naye ana nyumba kuukuu jirani, na kazi hiyo tumepewa sisi, kwa sharti kwamba kila kitu kinachonunuliwa nikione mimi kwanza. Bado naogopa, lakini naogopa nikiwa kazini.

Mama na baba wanakusalimu sana, pamoja na Zuleikha na kichanga chake, na Mjomba Rashid aliyekuja jana akala wali wangu. Nisalimie wote wa huko. Mola akulinde, akupunguzie baridi, na akurejeshe kwetu ukitembea kwa miguu yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Ismail