Kurasa za Siku Ambazo Hakuna Aliyekufa

Shangazi yangu,

Jana nilikufuta. Nakuambia hivyo kwa sababu sioni njia nyingine ya kukuambia.

Unakumbuka Jumamosi ulizokuwa ukinitoa nyumbani kwetu Hopkins na kunipeleka kazini kwako, kwenye loki, lango la kupitishia mashua mtoni? Nilisimama nyuma ya uzio nikatazama mashua zikiingia katika kile chumba cha zege, milango ikifungwa, maji yakishuka na mashua zikishuka nayo hadi usawa wa mto wa chini. Ulinikataza kuinamia ukuta. Wewe mwenyewe uliinama kila mara kabla ya kugusa mtambo, ukatazama chini kwa macho yako, kamera ziwepo zisiwepo.

Siku moja wanaume wanne walifunga kamba ya mashua yao ukutani badala ya kuishika mkononi. Maji yalipoanza kushuka, mashua ikaanza kuning'inia upande mmoja. Ukayasimamisha.

"Fungueni kamba."

"Tulia, mama. Mashua tunazijua."

"Mashua mnazijua. Haya maji ni yangu. Fungueni."

Walifungua huku wakinung'unika. Ukaandika kwenye kitabu cha shifti: kamba ilifungwa, nimesimamisha maji, wote wanne salama. Tukiwa garini ukaniambia, "Umeona walivyokasirika? Heri hivyo. Maiti hakasiriki."

Sasa mimi ni karani katika ofisi inayosimamia loki hiyo. Mlikuwa walinzi watano. Tangu tukuzike wamebaki wawili, na kuna pendekezo hao nao waondolewe, milango iendeshwe kwa kamera kutoka mji mwingine. Niliagizwa nifupishe vitabu vyote vya shifti katika jedwali moja: ajali, majeruhi, vifo. Kwa miaka yako yote, safu zote tatu ni sifuri. Lakini karibu kila ukurasa nilikuta mwandiko wako. Mtoto hana jaketi la kuokolea, nimewarudisha. Kayaki iko chini ya ukuta, kamera haikuiona, nimengoja. Kwa hiyo nikaongeza safu ya nne, ya mambo yaliyozuiwa.

Bosi wangu si mtu mbaya. Aliisoma, akaniuliza, "Kuna aliyeumia?"

"Hapana."

"Basi hakuna kilichotokea. Itoe hiyo safu."

Nikaitoa. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na pale ofisini hakuna mwingine mwenye jina la kigeni kama letu. Asubuhi hii alinisifu kwa jedwali safi. Nilimshukuru, kisha nikajifungia chooni, nikakaa.

Utotoni nilidhani wewe huogopi chochote. Niliposoma vitabu vyako nikajua uliogopa kila siku, ndiyo maana uliinama. Woga wangu mimi hauna kazi yoyote. Unanikalisha tu.

Wananchi wamepewa mpaka kesho kutoa maoni yao juu ya pendekezo lile. Nimejaza fomu na kunakili humo maneno yako, ukurasa kwa ukurasa. Maoni yasiyo na jina hayapokelewi, na jina langu wakiliona tu, watajua ni nani. Fomu iko mbele yangu tangu nitoke kazini. Kila kitu kimejazwa isipokuwa mstari wa jina.

Pumzika, Shangazi. Usinisubiri niliandike jina.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako